Enka imeteguka au imewekwa vyuma: mazoezi ya kliniki, ya nyumbani, au kwa mchuaji?

Hogo limekatwa. Mguu umetoka mwembamba, ngozi inabanduka, kigimbi kimenywea na kifundo hakitaki kukunja. Daktari anatazama picha, anasema mfupa umeunga, anaandika karatasi na kukuambia uanze mazoezi. Au wewe hukufungwa hogo kabisa: uliteguka uwanjani, au ulikanyaga vibaya ukishuka kwenye daladala, eksirei ikaonyesha mfupa mzima, ukapewa bandeji na dawa ya maumivu. Vyovyote ilivyokuwa, swali linalofuata ni moja na mara nyingi hakuna anayelijibu kwa kirefu: mazoezi hayo uyafanyie wapi, na nani akusimamie?

Kwa wengi wetu njia ni tatu. Ya kwanza ni kliniki ya fiziotherapia, kwa miadi, wiki baada ya wiki. Ya pili ni kufanya mwenyewe nyumbani baada ya kuelekezwa mara moja au mbili. Ya tatu ni mchuaji wa mtaani, yule ambaye shangazi, jirani na nusu ya timu ya mtaa wameshapita mikononi mwake. Ninazipima zote tatu hapa, na msimamo wangu nauweka wazi tangu mwanzo: mguu hurudi kazini kwa kubebeshwa mzigo unaoongezwa hatua kwa hatua. Kwa hiyo njia inayokufaa ni ile itakayokufikisha kwenye hatua za mwisho, hata kama wiki ya kwanza haikupi raha yoyote.

Kwanza hakikisha unajua kilichoumia

Njia zote tatu zinachukulia kwamba jeraha lako linajulikana. Kama hujapigwa picha, kuna vipimo rahisi vilivyotungwa na madaktari wa Ottawa, Kanada, mwaka 1992, ambavyo sasa vinatumika hospitali nyingi duniani. Nenda ukapigwe eksirei ikiwa hukuweza kutembea hatua nne pale ulipoumia na bado huwezi ukifika kwa daktari. Kuchechemea kunahesabika kuwa kutembea. Nenda pia ikiwa mfupa wenyewe unauma ukibonyezwa kwenye ncha ya jicho la mguu, la nje au la ndani, au kwenye ukingo wake wa nyuma kupanda juu kiasi cha sentimita 6. Unyayoni, bonyeza sehemu mbili: mfupa uliochomoza katikati ya ukingo wa nje, na ule wa upande wa ndani juu ya upinde; mmoja ukiuma, nenda pia. Vipimo hivi havimfai mtoto mdogo, aliyelewa, wala mtu aliyekufa ganzi miguuni. Hao waonwe na daktari moja kwa moja.

Jambo moja zaidi, kwa sababu hupitwa hata hospitalini. Damu ikivilia chini ya unyayo, katikati, usikubali kuambiwa ni kuteguka tu. Huenda viungo vya katikati ya unyayo vimeachana, jeraha ambalo madaktari huliita Lisfranc, na kulikanyagia mapema kunaweza kukuachia mguu unaouma miaka mingi.

Vigezo vya kupimia

Ninatumia vigezo vitano. Usalama wa njia kwa aina ya jeraha. Ubora wa mazoezi yenyewe, yaani kama mzigo unaongezeka au unabaki palepale. Gharama, ukijumlisha nauli na siku ya kazi inayopotea. Uwezekano wa wewe kuendelea mpaka mwisho. Na namna ya kujua kama unasonga mbele. Havina uzito sawa: aliyetoka kupasuliwa aanze na usalama, na aliyeteguka mara ya tatu mwaka huu atazame zaidi kile cha nne.

Usalama

Kliniki inaongoza hapa kwa majeraha mazito, na sababu si mashine. Fizio husoma maelezo ya upasuaji. Watu wawili wanaweza kuwa na vyuma kwenye enka ileile, mmoja akaruhusiwa kukanyaga baada ya wiki 2 na mwingine akakatazwa mpaka wiki ya 6 au zaidi, kwa mfano kwa sababu skrubu yake imepita kati ya mifupa miwili ya muundi ili ligamenti zinazoishikilia pamoja ziunge. Utafiti wa Uingereza uliochapishwa mwaka 2024 katika jarida la Lancet uliwalinganisha waliopasuliwa enka wakaanza kukanyaga baada ya wiki 2 na walioanza baada ya wiki 6, na walioanza mapema hawakupata matokeo mabaya zaidi. Habari hiyo inatia moyo, lakini usiitumie kumpinga daktari aliyekupasua. Yeye aliuona mfupa wako kwa macho.

Kano ya Achilles, ile kamba nene inayounganisha kigimbi na kisigino, inahitaji jicho la mtaalamu kuliko kitu kingine chochote kwenye mguu. Ikikatika, iwe imeshonwa au imeachwa iunge yenyewe ndani ya buti la matibabu, adui mkubwa wa miezi ya kwanza ni kuivuta. Mtu anahisi kigimbi kimekaza, anaanza kukinyoosha kwa bidii kwenye ngazi, kano inaunga ikiwa ndefu kupita kiasi, na hatapata tena nguvu kamili ya kusukuma anapokimbia au kupanda mlima.

Nyumbani ni salama kabisa kwa kuteguka kwa kawaida, na kwa mfupa ambao daktari ameshasema umeunga na unaweza kukanyagiwa. Hatari yake ni ya namna mbili, na zinapingana: wapo wanaoogopa na kuacha mguu ukakamaa, na wapo wanaoruka hatua kwa sababu siku moja maumivu hayakuonekana.

Mchuaji anapaswa kutendewa haki. Mikono inayojua kazi hutuliza maumivu, na kwa mguu uliokaa ndani ya hogo wiki 6 kuchuliwa taratibu hulegeza ngozi na misuli iliyoshikamana. Wapo wachuaji wenye busara wanaogusa mguu mara moja na kukwambia, "Huu si wangu, nenda hospitali." Lakini yapo mambo matatu ambayo mkono haupaswi kuyafanya. Kuchua kwa nguvu siku mbili tatu za mwanzo huongeza damu na uvimbe. Kuvuta mguu ili "kurudisha mfupa" bila picha kunaweza kusogeza mfupa uliokuwa umetulia. Na kigimbi kilichovimba, kinachouma na chenye joto baada ya hogo au upasuaji kisichuliwe na mtu yeyote: huenda kuna damu iliyoganda ndani ya mshipa, na ikichomoka huenda moja kwa moja mapafuni. Dalili hiyo ni ya kwenda hospitali siku hiyohiyo.

Mazoezi yenyewe

Hapa ndipo penye kiini cha yote, nami nitakaa kidogo. Mazoezi ya enka na unyayo yana ngazi nne, na njia yoyote utakayochagua ipime kwa kuuliza inakufikisha ngazi gani.

Ngazi ya kwanza ni mwendo. Kukunja unyayo juu na chini, kuuzungusha, kuandika herufi hewani kwa kidole gumba cha mguu, kukaa mkekani goti limenyooka na kuuvuta unyayo kwa kanga. Halafu goti kwa ukuta: simama ukielekea ukutani, sukuma goti mpaka liguse ukuta bila kisigino kunyanyuka, kisha rudisha mguu nyuma kidogo na ujaribu tena. Kukunja huku ndiko kunakokuwezesha kushuka ngazi, kuchuchumaa, kurukuu na kusujudu, na ndiko kunakochelewa zaidi kurudi baada ya hogo. (Aliyekatika kano ya kisigino aruke mambo yote ya kuvuta mpaka fizio wake aruhusu.)

Ngazi ya pili ni nguvu. Tyubu kuukuu ya baiskeli ikikatwa utepe na kufungwa kwenye mguu wa kitanda inafanya kazi ileile ya mpira unaouzwa maduka ya vifaa vya michezo. Sukuma unyayo kwenda nje, ndani, juu na chini, na upande wa nje uupe muda zaidi, kwa sababu misuli inayopita nyuma ya jicho la nje ndiyo inayoizuia enka isipinduke tena. Kisha kupanda vidoleni: ukiwa umekaa kitini, halafu kwa miguu miwili umeshika ukuta, halafu unapanda kwa miwili na kushuka kwa mmoja, mwisho kwa mguu mmoja peke yake. Wengi huishia kwenye miguu miwili. Mguu mzima unaubeba ule mgonjwa, na hakuna anayeona. Fizio wengi hulenga kupanda mara 25 kwa mguu mmoja kwa mtu mzima mwenye afya. Kwa mzee idadi ni ndogo zaidi, na kwa kila mtu kipimo cha kweli ni mguu wake wa pili.

Ngazi ya tatu ni mizani. Kuteguka huharibu pia hisia zinazoiambia akili mguu umekaa vipi, ndiyo maana mtu aliyepona maumivu huteguka tena kwenye ardhi tambarare. Simama kwa mguu mmoja sekunde 30, macho wazi. Kisha fumba macho, mtu akiwa karibu. Kisha juu ya blanketi lililokunjwa, kisha ukirusha mpira ukutani na kuudaka. Anayeishi pwani ana mchanga, lakini asiuwahi: mchanga mlaini huuyumbisha mguu kuliko unavyodhani, na ni wa hatua hii, si wa wiki ya kwanza.

Ngazi ya nne ni kazi yako. Kuruka, kukimbia na kugeuka ghafla kwa mchezaji. Kwa bodaboda, kuishikilia pikipiki yenye abiria kwa mguu mmoja kwenye barabara yenye mashimo. Kwa mama anayelima Lushoto, kushuka mteremko na mzigo kichwani. Kama kazi yako inaulazimisha mguu kufanya jambo fulani, jambo hilo lazima lifanyiwe mazoezi kabla ya kulifanya kazini.

Kanuni ya maumivu ni moja kwa ngazi zote. Kati ya 0 na 10, maumivu ya 3 au 4 wakati wa zoezi yanavumilika, na asubuhi inayofuata mguu usiwe umevimba au kuuma kuliko jana yake. Ukivuka hapo, punguza siku moja mbili, usiache kabisa.

Sasa zitazame njia zetu. Kliniki nzuri hukupeleka ngazi zote nne, na fizio anaona usichokiona, kwamba unanyanyua nyonga badala ya kisigino, au goti linaingia ndani. Lakini si kila kliniki ni nzuri. Zipo ambazo mgonjwa huwekwa chini ya taa ya joto, akapitishiwa mashine ya umeme au ya mawimbi ya sauti, akachuliwa kidogo na kurudi nyumbani. Mapitio ya mwaka 2011 ya Cochrane, mtandao wa watafiti wanaokusanya na kupima tafiti za tiba, hayakuona faida yenye maana ya mawimbi ya sauti kwa enka iliyoteguka. Ukihudhuria mara tatu mfululizo kigimbi chako hakijawahi kuchoka, uliza kwa heshima, "Mazoezi ya kukanyagia nitaanza lini?" Ni haki yako kuuliza.

Nyumbani unaweza kufika ngazi zote nne, kwa vifaa vya nyumba yoyote. Mfano ninaoupenda ni programu ya Håkan Alfredson wa Sweden, iliyochapishwa mwaka 1998 kwa maumivu sugu ya kano ya kisigino, ambayo ilihitaji ngazi ya kupandia tu: kushusha kisigino taratibu mara 15, seti 3 goti limenyooka na seti 3 goti limekunjwa, mara mbili kwa siku, kwa wiki 12. Hiyo ni mara 180 kwa siku bila mashine yoyote. (Ni ya kano inayouma, si ya iliyokatika.) Kasoro ya nyumbani ni kwamba hakuna anayekwambia sasa ongeza.

Kwa mchuaji unapata kitu cha ngazi ya kwanza peke yake. Mguu unakunjwa na mtu mwingine, unalegea, unapata nafuu. Hakuna kuchua kunakojenga kigimbi wala kuufundisha mguu kusimama. Anayemaliza kwa mchuaji na kurudi uwanjani amerudi bila ngazi tatu.

Gharama, nauli na siku ya kazi

Bei ya kliniki yenyewe mara nyingi si tatizo kubwa kuliko safari. Mtu mwenye magongo hapandi daladala ya asubuhi. Anakodi bajaji kwenda na kurudi, anasubiri foleni, siku imekwisha. Zidisha mara mbili kwa wiki, kwa miezi miwili. Kama una bima, iwe NHIF ya Tanzania au SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF ya Kenya Oktoba 2024, uliza kabla ya kuanza inalipia mara ngapi na kwa rufaa ya nani, usije ukakatiwa katikati.

Na kliniki zenyewe ni chache. Shirika la Afya Duniani linasema katika nchi nyingi za kipato cha chini na cha kati kuna wataalamu wa utengamao, yaani wa kuurudishia mwili uwezo wake, chini ya 10 kwa kila watu milioni moja. Aliye karibu na hospitali kama MOI, taasisi ya mifupa pale Muhimbili, CCBRT Msasani, KCMC Moshi, Bugando Mwanza, au Coast General Mombasa ana bahati ambayo mtu wa Tandahimba hana. Kuna pia fizio wa kuja nyumbani, anayelipwa zaidi kwa kila ziara lakini anakuokolea bajaji na foleni. Ukimchukua, hakikisha amesajiliwa. Kenya wana Baraza la Fiziotherapia lililoundwa kwa sheria ya mwaka 2014, na jina la mtu unaweza kuliulizia huko.

Nyumbani gharama ni ndogo: nauli ya siku moja mbili za kuelekezwa, tyubu na muda wako. Mchuaji naye ni nafuu kwa kila mara, yupo hatua chache kutoka mlangoni na anafungua hata usiku baada ya kazi. Lakini hesabu jumla yake. Anayechuliwa kila wiki kwa miezi mitatu huku enka ikiendelea kuteguka ametumia fedha nyingi na bado hajanunua alichokihitaji.

Kudumu mpaka mwisho

Wengi hudhani kusimamiwa ni lazima kushinde kufanya peke yako. Utafiti wa Australia uliochapishwa mwaka 2015 katika jarida la JAMA, uliohusisha watu 214 katika hospitali 7, uliwachukua waliovunjika enka, hogo likiwa limetolewa. Nusu walipewa programu ya mazoezi chini ya fizio, nusu wakapewa ushauri mzuri wa kujisimamia peke yake. Katika mwezi wa 1, wa 3 na wa 6, makundi yalikuwa sawa katika shughuli za kila siku na ubora wa maisha. Utafiti mwingine, wa Uholanzi, katika jarida la BMJ mwaka 2009, uliwapa wanamichezo 522 waliotoka kuteguka wachague karata ya bahati: baadhi waendelee na matibabu ya kawaida, wengine waongezewe mazoezi ya mizani nyumbani kwa wiki 8, bila msimamizi. Mwaka mmoja baadaye waliokuwa wameteguka tena walikuwa asilimia 33 ya kundi la kwanza na asilimia 22 ya kundi la mazoezi.

Zisome tafiti hizi kwa makini kabla ya kukimbilia hitimisho. Wale wa Australia walikuwa na mivunjiko isiyo na majeraha mengine, walikuwa wameshakubaliwa kukanyaga, na ushauri waliopewa ulikuwa wa kweli, si sentensi moja ya haraka mlangoni. Zinaonyesha kwamba mguu wa kawaida, mikononi mwa mtu aliyeelekezwa vizuri, hupona nyumbani. Hazimzungumzii mwenye kidonda kilichochelewa kufunga, mwenye maumivu yasiyoeleweka, wala anayeogopa kukanyaga miezi mitatu baada ya kuruhusiwa.

Kudumu kunategemea wewe ni mtu wa namna gani. Kliniki ina miadi, na miadi humkokota hata asiye na hamu. Udhaifu wake huja siku ya miadi ya mwisho, wengi wanapoacha kila kitu kana kwamba wamepewa cheti. Nyumbani huvunjika mapema zaidi: maumivu yakiisha, zoezi nalo linaisha, wakati mizani bado mbovu. Dawa ni kulifunga zoezi kwenye jambo unalolifanya kila siku, kama kusimama kwa mguu mmoja unapopiga mswaki, au kupanda vidoleni ukisubiri chai ichemke. Kwa mchuaji watu hudumu kwa sababu wanajisikia vizuri wakitoka. Lakini kinachowarudisha pale ni maumivu, na yakiisha hakuna kinachoendelea.

Kujua kama unasonga mbele

Fizio hupima kwa futi kamba, kwa kuhesabu na kwa kukutazama ukitembea. Nyumbani unaweza kupima mambo matatu kila Jumapili na kuyaandika: umbali wa kidole gumba kutoka ukutani goti likigusa, idadi ya kupanda vidoleni kwa mguu mmoja, na sekunde za kusimama. Miguu yote miwili. Mchuaji hupima kwa kukuuliza kama bado inauma, na kipimo hicho hudanganya, kwa sababu maumivu hutangulia kuondoka na nguvu huchelewa kurudi. Uvimbe nao si kipimo kizuri baada ya upasuaji. Unaweza kurudi kila jioni kwa miezi 6 au hata mwaka, na mguu ukawa unaendelea vizuri tu.

Kila njia na mtu wake

Kliniki inamfaa aliyepasuliwa, aliyekatika kano, mwenye majeraha zaidi ya moja, anayeogopa kukanyaga, mchezaji anayetaka kurudi kwa tarehe fulani, na yeyote ambaye wiki 6 za nyumbani hazikumsogeza. Nyumbani kunamfaa aliyeteguka kwa kawaida, aliyevunjika bila matatizo na kuruhusiwa kukanyaga, mwenye nidhamu ya daftari, na anayeishi mbali. Mchuaji anamfaa mtu ambaye mfupa wake umethibitishwa, siku za uvimbe mkali zimepita, na anataka nafuu ya maumivu au ukakamavu huku mazoezi yakiendelea kwingine. Hakuna ubaya kwenda kwa mchuaji Jumamosi na kupanda vidoleni siku sita nyingine.

Kwa hali yako

Umeteguka mara ya kwanza, umeweza kutembea, mfupa hauumi ukibonyezwa: anza nyumbani, na anza mapema. Utafiti mdogo uliotoka BMJ mwaka 2010 ulionyesha kwamba mazoezi mepesi ndani ya wiki ya kwanza hurudisha kazi za mguu haraka kuliko kupumzika na barafu peke yake. Funga bandeji, inua mguu, ukanyage kadiri maumivu yanavyoruhusu. Kuteguka kidogo huchukua wiki 1 hadi 3, kuteguka kwa kiasi cha kati wiki 4 hadi 6, na kukali huweza kufika miezi mitatu.

Unateguka kila mara: wiki 8 za mizani na tyubu nyumbani, kweli kweli, bila kuruka siku nyingi. Usipoona tofauti, nenda kliniki wakupime kama ligamenti imekatika kabisa. Kwa hali hii kuchuliwa peke yake hakutoshi, hata kama mchuaji ni hodari.

Umevunjika, hogo limetolewa, hakuna vyuma: ziara moja au mbili za kliniki ili uelekezwe vizuri, kisha nyumbani. Rudi ukaonwe baada ya wiki 6 kama bado unachechemea.

Umewekwa vyuma: kliniki mwanzoni, angalau mpaka umekubaliwa kukanyaga kwa uzito wote na kidonda kimefunga. Baada ya hapo unaweza kuhamia nyumbani taratibu. Kidonda kikitoa usaha, au mguu ukibadilika rangi na joto na kuuma hata ukiguswa na shuka, usisubiri miadi.

Kano ya kisigino imekatika: kliniki, na kwa muda mrefu kuliko utakavyopenda. Kukimbia huanza kufikiriwa karibu na mwezi wa 4 hadi wa 6, michezo ya kugongana mwezi wa 9 hadi mwaka. Uangalifu mkubwa zaidi uwe ndani ya wiki 12 za kwanza, kano inapoweza kukatika tena kwa kujikwaa tu.

Una kisukari na miguu ina ganzi: hospitali kwanza, hata kama hauumi. Mguu wenye joto, mwekundu na uliovimba bila maumivu kwa mtu wa kisukari unaweza kuwa na mifupa inayovunjika kimyakimya, na kila hatua unayoikanyagia inaumiza zaidi. Mazoezi yanasubiri mpaka daktari aseme.

Mzazi mzee aliyevunjika enka na sasa anaogopa kuanguka: kama fedha zinaruhusu, huyu ndiye wa kumletea fizio nyumbani mara chache. Ataona choo, kizingiti na ngazi anazotumia kila siku, na atamfundisha mtu wa nyumbani pa kumshika. Kama haziruhusu, ngazi ya mizani ifanywe akiwa amesimama kwenye kona ya ukuta, kiti kikiwa mbele yake.

Unaishi mbali na kliniki yoyote: panga safari moja, na uitumie vizuri. Nenda na picha zako na barua ya daktari. Muulize fizio mambo manne: nikanyage kwa uzito kiasi gani na kuanzia lini, zoezi gani nisifanye kabisa, dalili gani nikiiona nirudi, na nitajuaje niongeze mzigo. Mwombe akuruhusu umrekodi kwa simu akionyesha kila zoezi kwenye mguu wako mwenyewe, na chukua namba ya idara ili usafiri tena pale tu itakapobidi.